Kinga iko juu au iko chini? Uchambuzi wa kisa cha mama mchuma chai mwenye baridi yabisi

Kabla ya yote

Kisa hiki nawaandikia zaidi wenzangu mlioko zahanati na vituo vya afya huku Nyanda za Juu Kusini, ila mtu yeyote mwenye ndugu anayeamka asubuhi vidole vinagoma kushika kikombe anaweza kusoma, nimejitahidi nisiongee kidaktari sana. Mgonjwa ameridhia kiandikwe. Jina si lake, kijiji sikitaji, umri na vitu vingine vidogo vidogo nimevigeuza, na hospitali alizopita zitabaki bila majina. Nitamwita Mama Neema.

Ugonjwa wenyewe ni rumatoidi athraitisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwenyewe, mtaani wanauita baridi yabisi, na wengi wanafika kwetu wameshaambiwa ni gauti. Nimekichagua kwa sababu ya swali moja ambalo familia ilikuwa inalirudia kila ikija: kinga yake iko juu au iko chini? Walitaka jibu la juu au chini. Jibu la hivyo halipo, na kuwaeleza kwa nini halipo ndo ilikuwa kazi kubwa kuliko hata kuandika dawa.

Historia yake

Ni mama wa miaka 30 na kitu, mchuma chai upande wa Rungwe, ana migomba na kaeneo ka viazi. Mume anaendesha bodaboda. Havuti sigara, hajawahi kuugua TB. Miaka kama 3 kabla hajafika kwetu viungo vya vidole vilianza kuuma, mikono yote miwili kwa pamoja, vile vya katikati ya kidole na vile vinavyounganisha kidole na kiganja, baadaye vifundo vya mikono, baadaye na vidole vya miguu akawa akikanyaga sakafu asubuhi anasema ni kama kuna kokoto.

Ilianza Juni, kwa hiyo kila mtu akasingizia baridi. Sawa, kule Juni na Julai baridi si ya mchezo na viungo vya kila mtu vinakaza kidogo, ila yeye alikuwa anakaza mpaka saa nne, wenzake wameshajaza vikapu yeye bado yuko jikoni ameloweka mikono kwenye maji ya moto. Hicho kitu tu, kukaza kwa viungo asubuhi kunakozidi saa nzima na kunakopungua ukianza kufanya kazi, kilitosha kumshtua mtu. Hakuna aliyeuliza. Shangazi yake upande wa mama alizeeka na vidole vimepinda, na hili nalo lilitoka baadaye sana, tena kwa bahati, mama mkwe ndo alilitaja akiwa anabishana na jambo lingine kabisa.

Mambo yalivyokwenda

Kituo cha kwanza aliambiwa gauti. Akakatazwa nyama nyekundu na maharage, akapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Hapa naomba nitulie kidogo maana hii ya gauti imekuwa kero. Gauti kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra sana, estrojeni inasaidia figo kutoa asidi ya yuriki, na gauti kwa kawaida inashika kiungo kimoja ghafla usiku, mara nyingi dole gumba la mguu, halafu inaachia. Haiji taratibu ikashika vidole vya mikono yote miwili ikakaa miezi. Mama wa watu akaacha maharage, ambayo ndo ilikuwa protini yake ya kila siku, na vidole vikaendelea kuvimba.

Baadaye jirani akamwelekeza duka la dawa ambako "kuna sindano kiboko". Akachomwa, ndani ya siku moja akachuma chai kama zamani. Ilikuwa deksamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi, tulijua baadaye kwa sababu alikuwa ametunza kichupa. Kuanzia hapo akawa anarudi, akikosa sindano anapewa vidonge vya prednisoloni, steroidi nyingine, kwenye kikaratasi bila maelezo, vidole vikiuma anameza, vidonge vikiisha anaacha. Uso ukajaa, watu wakamwambia amenawiri.

Halafu akapata mimba, na hapa ndo kisa kinapokuwa cha kufundishia kwelikweli. Mimba ilipofika mwezi wa nne, wa tano, maumivu yakaisha. Hayakupungua, yaliisha. Akaacha vidonge mwenyewe, akarudi shambani, akawa anafua, anatwanga, anachuma. Kila mtu akawa na maelezo yake: mama mkwe alikuwa amemchemshia mizizi, kanisani walikuwa wamemwombea, na mume akaamini ugonjwa ulikuwa wa "damu chafu" na mimba imeisafisha. Kliniki ya wajawazito walimpima vipimo vya kawaida vyote vikawa safi na hakuna aliyegusa habari ya viungo, kwa sababu yeye mwenyewe hakuisema, ya nini aseme na amepona?

Akajifungua salama. Mtoto alipokaribia miezi miwili ugonjwa ukarudi kwa nguvu ambayo hajawahi kuiona. Vidole vikavimba mpaka pete ikakatwa. Hawezi kukamua nguo, hawezi kufunga mtoto mgongoni kwa kitenge, hawezi kufungua mfuniko wa chupa ya chai. Akapungua uzito, homa za jioni, uchovu wa kulala tu. Kwa mama mkwe sababu ilikuwa wazi, ameoga maji ya baridi kwenye uzazi. Kwa majirani sababu ilikuwa wazi zaidi ila walinong'ona: mwembamba, homa, amejifungua juzi, huku kwetu mtu akiwa hivyo watu wanafikiria kitu kimoja. Mikoa yetu, Njombe, Iringa, Mbeya, ndo inaongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU na kila ukoo umezika mtu, kwa hiyo siwalaumu sana.

Alikuwa ameshapimwa kliniki, hana. Lakini shemeji yake kutoka Mbeya mjini akaleta makopo ya unga na vidonge "vya kuongeza kinga" kwa bei ambayo ni mauzo ya debe kadhaa za viazi. Hoja yake: kinga imeshuka, tuipandishe. Akatumia mwezi na zaidi, ugonjwa ukazidi, shemeji akasema hiyo ni sumu inatoka.

Ndipo akaletwa kwetu kwa rifa, yaani barua ya rufaa. Rifa yenyewe imeandikwa "gauti sugu".

Tulichokuta

Mikono yote miwili imevimba kwa ulinganifu, viungo vya moto kwa mguso na laini ukibonyeza, vile viungo vya mwisho kabisa karibu na kucha vimesalimika. Ngumi haifungi. Ukimkamata kiganja kwa upole kama mnasalimiana anavuta mkono. Damu: ESR na CRP, vipimo vya uvimbe mwilini, juu sana, wekundu wa damu chini, asidi ya yuriki ya kawaida kabisa (kwaheri gauti). VVU hasi, tukarudia ili wote wasikie kwa masikio yao, homa ya ini B hasi. Rumatoidi fakta chanya, ila mimi kipimo hiki peke yake huku kwetu sikiamini, kinaweza kuwa chanya kwa sababu ya TB, homa ya ini, maambukizi mengi tu ya muda mrefu. Tukatuma damu Dar es Salaam kwa kipimo cha anti-CCP, ambacho kinaaminika zaidi kwa rumatoidi, gharama ilikuwa mjadala wa kifamilia, ikarudi chanya kwa kiwango kikubwa. Eksirei ya mikono ilionyesha mfupa umeanza kulika pembeni ya viungo viwili. Eksirei ya kifua safi, makohozi hakuwa nayo.

Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 ukipata alama 6 kati ya 10 unahesabika una rumatoidi. Huyu hakuwa na ubishi, alijaza zote.

Maamuzi, na sababu zake

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu dunia nzima ni methotreksati. Hatukumpa. Alikuwa ananyonyesha mtoto mchanga, na methotreksati haitakiwi kwa anayenyonyesha. Tungeweza kumwambia aachishe, kuna wenzetu walishauri hivyo, lakini maziwa ya kopo kwa familia ile ni ndoto na maji yao ni ya kijito. Kumwachisha mtoto wa miezi mitatu ili mama apone vidole ni kuhamisha hatari kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tukachagua njia ndefu.

Tulianza na haidroksiklorokwini pamoja na salfasalazini, zote mbili anaweza kuzitumia huku ananyonyesha, na prednisoloni ya dozi ndogo ya kumvusha mpaka hizo zishike kazi, maana zinachukua wiki nyingi. Salfasalazini tulipandisha taratibu kuanzia miligramu 500, na nilimwambia mapema kwamba mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chungwa asije akadhani ni damu akaacha. Haidroksiklorokwini ilileta maneno. Mume akauliza hii si ile ya korona, na mama mkwe yeye akakumbuka klorokwini ya zamani, ile tuliyoachana nayo kwa malaria mwaka 2001, iliyokuwa inawasha mwili mzima. Ni ndugu yake, nikakubali, na hapa tunaitumia kwa kazi nyingine. Haikumwasha.

Prednisoloni hatukuikata ghafla, mwili uliokula steroidi miezi mingi tezi zake zinakuwa zimezoea kutegemea. Ila tuliweka tarehe za kupunguza, zikaandikwa kwenye daftari la kliniki kwa wino, na duka la dawa la kule kijijini mume akaenda mwenyewe kuwaambia wasimchome tena.

Makopo ya shemeji tukayaweka mezani tukaomba yaachwe. Hatukuyapima yana nini. Ila dawa za viungo za kienyeji na za makopo katika nchi kadhaa zimewahi kukutwa zimechanganywa steroidi kimyakimya, na hata kama haya yalikuwa unga mtupu, wazo lenyewe lilikuwa linaenda upande usio sahihi.

Siku ile ndo mama mkwe aliponibana. "Mwanangu daktari, nimekusikia. Umesema unampa dawa za kutuliza kinga. Sasa mtu anaumwa hivi, kinga ukiitoa si atakufa?" Nikamwambia mama, hapana, hatuitoi, ngoja nikueleze. Nikavuta kiti. Foleni nje ilikuwa ndefu na nesi ananiangalia vibaya, lakini bila hayo maelezo zile dawa zingeishia chini ya kitanda.

Kilichotokea

Mwezi wa pili kidogo nafuu, mwezi wa nne akaanza kufunga mtoto mwenyewe. Kule kukaza kwa asubuhi kulikokuwa kunafika saa nne kukawa kunaachia mapema zaidi, ESR ikashuka ila haikufika pazuri. Mtoto alipovuka mwaka na kuacha ziwa kwa wakati wake, tukampa njia ya uzazi wa mpango kwanza, tukahakikisha hana mimba, tukapima ini, figo na picha nzima ya damu, ndipo tukaanza methotreksati miligramu 10 kwa wiki tukapanda mpaka 15, na foliki asidi siku tofauti. Siku ya dawa ni Jumapili akitoka ibadani. Narudia kwa wanaosoma haraka: kwa WIKI, si kwa siku. Methotreksati ikimezwa kila siku kwa dozi hiyo inaua, inazima uboho, na kosa hili hutokea kwa sababu karibu kila dawa nyingine mgonjwa anayoijua ni ya kila siku.

Sasa hivi asubuhi anakaza chini ya nusu saa. Anachuma, si kwa kasi ya zamani. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimepinda na hakitanyooka, ule mfupa ulioliwa haurudi. Kuna msimu wa mvua alikosa kuja, dawa zikamwishia, akavimba tena ndani ya wiki chache, akarudi akiwa anacheka kwa aibu. Hilo nalo lilisaidia, mume aliona kwa macho kwamba ugonjwa haukuwa umeondoka, ulikuwa umedhibitiwa.

Uchambuzi: kwa nini "juu au chini" si swali

Sisi watu wa mikoa hii elimu ya kinga tumeipata kwenye UKIMWI. Tumefundishwa miaka na miaka CD4, zile seli za kinga anazohesabiwa mwenye VVU, zikipanda ni heri, zikishuka ni hatari, mpaka bibi wa kijijini anajua namba zake. Elimu nzuri sana na imeokoa watu. Ila imetuachia picha kwamba kinga ni kama kiasi, inapanda inashuka, na mtu akidhoofu basi imeshuka. Shemeji wa Mama Neema hakuwa mjinga, alikuwa anatumia elimu aliyopewa kwenye ugonjwa ambao haiuhusu.

Kitu ambacho hatukuwahi kuwaambia watu ni kwamba CD4 zenyewe si za aina moja. Ndani ya kundi hilohilo kuna seli zinazoamsha mashambulizi, na kuna kikosi kidogo ambacho kazi yake ni kuyazuia, seli T dhibiti, sisi kwa kifupi tunasema Tregi. Zinazuia kwa njia kadhaa, zinatoa kemikali za kutuliza kama IL-10, zinakula ile IL-2 ambayo seli za mashambulizi zinaihitaji, na zina protini inaitwa CTLA-4 inayozizima seli zinazotoa amri. Shimon Sakaguchi wa Japani ndo alizionyesha vizuri mwaka 1995 wakati wengi walikuwa wameshaacha kuamini kwamba zipo, halafu mwaka 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakagundua jeni inaitwa FOXP3, ambayo ikiharibika seli hizi hazifanyi kazi na mtoto wa kiume anazaliwa na mwili unaojishambulia kila mahali, utumbo, ngozi, kongosho. Oktoba 2025 wote watatu wakapewa Nobel ya tiba.

Sasa kwenye rumatoidi ungetegemea Tregi hazipo. Zipo! Ukivuta maji kwenye kiungo kilichovimba unazikuta, mara nyingi kwa wingi kuliko kwenye damu. Hii ilinisumbua sana nilipoisoma mara ya kwanza. Mume wa Mama Neema, mtu wa vyombo vya moto, alielewa nilipomwambia afikirie lori lenye shehena linashuka mteremko wa Kitonga: injini nzima, tairi nzima, breki zipo zote, ila zimepata moto hazishiki. Kwenye kiungo moto huo ni kemikali za uvimbe, TNF na IL-6 na wenzao. IL-6 inazisukuma seli changa ziende upande wa mashambulizi badala ya upande wa kuzuia, na TNF inazilegeza Tregi zilizopo. Mwaka 2004 kundi la watafiti London walionyesha Tregi za wagonjwa wa rumatoidi zinashindwa kuzuia kemikali za uvimbe, na wagonjwa walipopewa dawa ya kuzuia TNF seli zao zikapata tena uwezo huo. Breki zilipopoa zikashika.

Kwa hiyo mtu anapoleta kitu cha "kuongeza kinga" tumuulize anaongeza ipi. Na mtu anapoogopa dawa za "kushusha kinga" naye tumweleze kwamba lengo si kushusha, ni kurudisha mizania. Mama mkwe aliposikia kwamba askari wa kuzuia wapo ila wamezidiwa alitikisa kichwa akasema, "Kumbe ni ugomvi wa ndani." Sikuwa na la kuongeza.

Mimba ilituonyesha nini

Mtoto tumboni nusu yake ni ya baba, ni mgeni kwa kinga ya mama, na mimba isingedumu kama mwili usingeongeza uzuiaji. Tregi zinaongezeka wakati wa mimba, homoni zinabadilika, mashambulizi fulani yanapoa, na mgonjwa wa rumatoidi anaweza kufaidika bila mtu kukusudia. Si wote, ni kama nusu au zaidi kidogo wanaopata nafuu ya kueleweka. Ukishajifungua ule mpangilio unavunjwa, na miezi michache ya mwanzo ugonjwa unarudi kwa wengi.

Hii si habari mpya. Philip Hench wa Kliniki ya Mayo kule Marekani aliiona kwa wagonjwa wake miaka ya 1930, wajawazito na wenye umanjano wa macho na ngozi viungo vinapoa, akaamini kuna kitu mwilini kinachotuliza, akakitafuta mpaka mwaka 1948 wakampa mgonjwa kotisoni kwa mara ya kwanza. Nobel ya 1950 ikatoka hapo. Yaani ile sindano kiboko ya duka la dawa ni mjukuu wa swali lililoanza kwa mama mjamzito aliyepona vidole. Tofauti ni kwamba steroidi inazima karibu kila kitu kwa mkupuo, unafuu wa haraka, na ukiiacha ugonjwa uko palepale huku sukari, mifupa na ngozi vimelipa. Kwa mama huyu steroidi ilificha ugonjwa miaka miwili wakati mfupa unalika.

Kilichofeli kwenye njia yake kabla hajafika kwetu, mbali na gauti, ni kwamba kliniki ya wajawazito ilikuwa nafasi ya dhahabu ikapita. Swali moja tu lingetosha: "Kabla ya mimba ulikuwa unaumwa nini ambacho sasa kimepotea?" Sisi tunauliza kinachouma, hatuulizi kilichoacha kuuma.

Kilichosaidia

Dawa zilisaidia, ndio, na kuna jambo la kufurahisha kuhusu methotreksati. Kwa dozi ndogo ya wiki haifanyi kazi kama dawa ya saratani, inachofanya zaidi ni kuongeza adenosini, kemikali inayotuliza seli za kinga, na Tregi nazo zina kimeng'enya kinaitwa CD39 kinachosaidia kutengeneza adenosini hiyohiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Brazili waliandika kwamba wagonjwa ambao Tregi zao zina CD39 kidogo ndo hao methotreksati iliwakatalia. Kipimo hicho hatuna huku na sidhani tutakipata karibuni, lakini kinaeleza kwa nini dawa moja inamwinua huyu na mwenzake wa kitanda cha pili haimfanyi kitu.

Maelezo yalisaidia kuliko nilivyotegemea. Kumshirikisha mume kulisaidia zaidi, yeye ndo mwenye pikipiki, yeye ndo mwenye hela, na aliposhika hesabu ya Jumapili hatukuwa na wasiwasi tena wa dozi.

Kuhusu dawa za kisasa, za kuzuia TNF, watu wananiuliza kwa nini hatukuanza nazo. Bei kwanza. Pili, TNF ileile inayokula mifupa ndo inayoshikilia vidonda vya TB vilivyolala kwenye mapafu visifumuke, na tangu mwaka 2001 iliripotiwa kwamba ukiizuia TB iliyolala inaweza kuamka. Sehemu kama yetu, ambapo wengi tumebeba TB iliyolala bila kujua, huwezi kumpa mtu dawa hiyo bila kumpima na pengine kumkinga kwanza. Ndo maana neno udhibiti nalipenda, kila unapogusa upande mmoja kuna upande mwingine unaotikisika.

Kilichobaki wazi

Mara ya mwisho alipokuja alisubiri mume atoke akaniambia taratibu kwamba wanataka mtoto wa pili. Methotreksati na mimba haviendi pamoja, inaharibu mtoto, kwa hiyo tumepanga: hataacha uzazi wa mpango mpaka tumbadilishie dawa, tutamrudisha kwenye haidroksiklorokwini na salfasalazini, zote zinaruhusiwa kwenye mimba, foliki asidi iendelee, tukae miezi kadhaa tuone viungo vinatulia kwa hizo peke yake, na ndipo ajaribu. Nimeandika kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa ili kliniki ya wajawazito waione, kwamba viungo vikipoa wakati wa mimba dawa zisiachwe bila kutuuliza. Na tarehe ya kurudi kwetu baada ya kujifungua itapangwa kabla hajaenda leba, ndani ya wiki 6 za mwanzo, aumwe asiumwe.